Mama mdogo alimpenda Joe kwa siku mbili: maoni yangu kuhusu tamthilia ya You

Mama mdogo alikuja kwangu Dodoma mwezi wa saba kutoka Kibaigwa, kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. La kulia lilikuwa limeshafanyiwa, la kushoto linasubiri zamu yake. Alishinda sebuleni na miwani myeusi, khanga imemfunika mpaka shingoni kwa sababu ya ule upepo wetu wa baridi, na kwenye televisheni hakuona zaidi ya vivuli. Jioni nikifunga kibanda na kurudi nyumbani namkuta amechoshwa na ukimya. Siku ya kwanza akaniambia, "Wewe angalia mambo yako, mwanangu. Mimi nisimulie tu."

Mambo yangu yalikuwa You. Nilikuwa naianza upya tangu mwanzo, kwa sababu msimu wa 5 uliotoka Aprili 2025 ndio wa mwisho, na nilitaka kufika mwisho nikiwa nakumbuka kila kitu. Basi nikawa namtafsiria. Kama umewahi kukaa kwenye kibanda umiza ukasikiliza mkanda uliotafsiriwa, unajua kwamba anayetafsiri ndiye anayeibeba sinema. Akimpenda mtu, na wewe unampenda.

Na You ni tamthilia ya sauti. Joe Goldberg ni meneja wa duka la vitabu New York, na karibu muda wote anaongea kichwani mwake. Anaongea na msichana mmoja aliyeingia dukani, Guinevere Beck, mwanafunzi anayetaka kuwa mwandishi. Hamwiti "yeye". Anamwita "wewe". Kwa Kiingereza neno hilo linasimama peke yake, nalo ndilo jina la tamthilia. Kwa Kiswahili linaingia ndani ya kitenzi. Umeingia. Umegusa kitabu. Unatabasamu. Unatafuta mtu wa kukuangalia. Nilipoanza kuyatamka hayo kwa sauti, sebuleni, taa nimeipunguza ili mama mdogo asiumie jicho, ndipo nikaona ukubwa wa kazi waliyoifanya waandishi. Kila "u" ni kidole kinachomgusa mtu ambaye hajui kama anaguswa.

Mama mdogo akampenda siku hiyohiyo. "Kijana ana adabu huyu," akasema. "Anasoma. Halafu anamjali yule mtoto wa jirani." Anamsema Paco, mtoto anayekaa kwenye ngazi za jengo kwa sababu ndani kuna mwanaume anayempiga mama yake. Joe anampa vitabu na chakula. Hilo ni kweli, anampa, wala hajifanyishi. Mama mdogo akatingisha kichwa kwa huruma: "Na kwa huyo binti ndiyo kafa kaoza kabisa."

Sikumjibu. Nilikuwa bado naifurahia kazi yangu ya kutafsiri. Nilikuwa namtafutia Joe maneno mazuri, Kiswahili laini cha mtu anayebembeleza, na sikujiuliza kwa nini.

Kwa ambao hawajaiona: You ilitengenezwa na Greg Berlanti na Sera Gamble kutokana na riwaya ya Caroline Kepnes ya mwaka 2014. Msimu wa kwanza ulirushwa Septemba 2018 kwenye kituo cha Marekani kiitwacho Lifetime, watazamaji wakawa wachache, kituo hakikuendelea nayo. Netflix wakaichukua, wakaiweka mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo, na dunia nzima ikaanza kumzungumzia Joe. Misimu ni 5, kila mmoja sehemu 10. Joe anaigizwa na Penn Badgley, Beck wa msimu wa kwanza ni Elizabeth Lail.

Sasa nieleze ile dakika ya dukani, maana kwangu thamani ya tamthilia nzima imo humo. Beck anachagua kitabu, anakuja kulipa, anatoa kadi. Joe anaisoma kadi. Kichwani anajiambia kwamba pesa taslimu alikuwa nazo, kwa hiyo ametoa kadi makusudi ili yeye alijue jina lake. Basi. Hajaambiwa chochote. Msichana kalipia kitabu, na mwanaume tayari ana ruhusa aliyojiandikia mwenyewe. Usiku ule analo jina, kwa jina anapata kurasa zake za mtandaoni ambazo ziko wazi kwa kila mtu, kwa kurasa anapata marafiki, shule, nyumba. Nyumba iko usawa wa barabara, madirisha makubwa, hayana pazia. Joe anasimama ng'ambo ya barabara amevaa kofia, na haonekani. Kofia tu. Watu wengi wameicheka kofia hiyo. Mimi sikucheka, kwa sababu mtu ambaye humtafuti humuoni hata akiwa hana kofia.

Mimi ni wakala wa pesa kwa simu, mwaka wa 8 sasa, hapahapa mjini. Ile kadi ya Beck mimi naishika kila siku kwa sura nyingine. Ukiweka namba ya mtu kama unataka kumtumia pesa, kabla hujathibitisha, simu inakuletea jina lake kama alivyosajili laini kwa kitambulisho cha taifa. Limewekwa hapo kwa nia njema, usikosee ukampelekea mwingine. Lakini nimeshawaona vijana wakiweka namba ya msichana, wanasoma jina, wanasitisha muamala, wanaondoka wanatabasamu. Na daftari langu la miamala, lile ambalo mteja anaandika jina, namba na kiasi, kuna mtu aliwahi kuniomba "niliangalie kidogo tu" kwa sababu binti fulani alikuwa ametoka kutoa pesa dakika mbili zilizopita. Nililifunga. Aliudhika kweli, akaniambia namzibia riziki.

Tuendelee. Siku ya pili ya kuangalia tukafika pale Beck amelewa, anaangukia kwenye reli za treni ya chini ya ardhi, na Joe, ambaye alikuwa anamfuata, anamvuta. Kamwokoa maisha. Halafu simu yake anabaki nayo. Beck ananunua nyingine, ile ya zamani haitoi kwenye akaunti zake, na kuanzia hapo kila anachowaandikia wenzake Joe anakisoma palepale. Hapo mama mdogo akauliza, "Sasa huyo binti naye, si angeweka pazia? Na simu yake, kwa nini hakufunga?"

Nilisimamisha picha.

Sikupanga kusema, ila nilisema. Nilimkumbusha mwaka 2021. Kuna mteja alikuja kutoa elfu 20. Kesho yake akaja kuweka elfu 20. Keshokutwa akatoa. Namba yangu ilikuwa kwenye bango, kwa hiyo jina langu alilipata kama nilivyoeleza, na kwa jina akanipata mtandaoni, akampata kaka yangu, akapata picha za kwaya. Jumamosi nikamkuta kwenye mazoezi ya kwaya, amekaa benchi la nyuma, hana kitabu cha nyimbo. Hakunitukana hata siku moja. Aliandika ujumbe wa kunijali. Usiku umefika salama? Leo ulichelewa kufunga. Zile chipsi za jana zilikuwa zimepoa, ningekuwepo ningekununulia nyingine. Nilizila zile chipsi nikiwa peke yangu, ndani ya kibanda, dirisha nusu limefungwa.

Nikamzuia asinipigie wala kuniandikia. Akaanza kunitumia shilingi 200. Ujumbe wa muamala unatoka kwa kampuni ya simu, huwezi kuuzuia, na unakuja na jina la aliyetuma. Wiki moja zilikuja mara 11. Simu inalia, nadhani mteja, nafungua, jina lake. Kiongozi mmoja wa mtaani niliyemwendea aliniambia kijana ana nia njema, nimsikilize. Na mtu mwingine niliyempigia simu nikilia, kutoka Kibaigwa, aliniambia, "Anakupenda huyo. Mpe nafasi, umri unakwenda."

Mama mdogo alikaa kimya muda mrefu. Upepo ulikuwa unalitikisa bati la jirani. Akasema, "Nilisema hivyo?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akaniomba niendelee na picha, na kuanzia usiku ule hakumwita tena Joe kijana mwenye adabu.

Na mimi nikagundua kitu kuhusu zile siku mbili. Yale maneno laini niliyokuwa nampa Joe sikuyatunga. Yalikuwa ya yule mteja. "Umefika salama?" Nilikuwa nayajua kwa moyo, yakawa yanakuja yenyewe.

Ndiyo maana nasema You imetengenezwa kwa akili. Kwa sinema tulizokulia nazo, kuna stelingi na kuna adui, na mtoto wa miaka mitano anajua amshangilie nani. Hawa wamemchukua adui wakampa kila kitu cha stelingi: wakampa sauti, wakampa sura ya upole, wakampa mtoto wa kumlinda, wakampa maadui wabaya kuliko yeye. Benji, mpenzi wa Beck, ni tajiri asiyejali mtu, anamdharau msichana waziwazi. Joe anapomfungia kwenye kile chumba cha vioo chini ya duka, kilichojengwa kuhifadhi vitabu vya zamani, unajikuta unasema afadhali. Mama mdogo, mama wa kanisani, alisema afadhali. Halafu unakaa na hiyo afadhali yako. Hakuna mahubiri, hakuna muziki wa kukuambia "huyu ni mbaya". Tamthilia inakuachia uzito wako mwenyewe.

Badgley anaifanya kazi hii bila kelele. Hakuna kukodoa macho, hakuna kucheka kichaa. Angalia shingo yake. Beck akiwa anaongea na mwanaume mwingine, Joe anatabasamu vilevile, ila shingo inakaza, na sauti kichwani inakuwa tulivu zaidi. Wapo mashabiki walioandika mtandaoni kwamba wangependa mwanaume kama Joe, na mwanzoni mwa 2019 Badgley mwenyewe alikuwa akiwajibu mmoja mmoja kuwakumbusha kwamba Joe ni muuaji. Nilimheshimu kwa hilo. Mwigizaji mwingine angekaa kimya akala sifa.

Kasoro zipo, na kubwa iko kwa Beck. Msimu wa kwanza unatumia muda mwingi kutuonyesha udhaifu wake: anadanganya, anachelewesha kazi, anarudi kwa mwanaume asiyemfaa. Naelewa kwamba tunamwona kwa macho ya Joe, lakini kwa muda mrefu hatupewi macho mengine, na mtazamaji mvivu anatoka hapo akisema alijitakia. Katikati ya msimu kuna sehemu ambapo sauti ya kichwani inahamia kwa Beck, na ghafla unakutana na mtu mwingine kabisa, mwenye akili na uchungu wake. Wangetupa zaidi. Kosa jingine ni polisi. Kama Joe anaua kirahisi hivyo kila mji anaohamia, basi hakuna mji wenye macho.

Lakini Peach, rafiki wa Beck, anayeigizwa na Shay Mitchell, huyo nampa alama zote. Ni msichana tajiri, naye anamganda Beck kwa namna yake, anajifanya mgonjwa ili asiachwe, ana picha za Beck ambazo Beck hajui kama zilipigwa. Joe anamwona Peach na kumchukia kwa kosa lilelile analolifanya yeye. Waandishi hawakusema neno. Wamewaweka tu chumba kimoja.

Aya hii ina mwisho wa msimu wa kwanza, asiyetaka kuujua airuke. Beck anafungiwa, anapata nafasi ya kukimbia, anafika kwenye mlango wa chini ya duka uliofungwa, anagonga, analia. Nje yupo Paco. Anamsikia. Mtoto ambaye tumempenda tangu mwanzo, aliyepewa vitabu na Joe, aliyesaidiwa na Joe juu ya yule mwanaume aliyempiga mama yake. Anasimama. Anaogopa. Anageuka, anakimbia. Sikuweza kutafsiri pale, hakukuwa na maneno ya kutafsiri, ni kugonga tu. Mama mdogo alikuwa amekaa wima, miwani usoni, ameelekea kwenye sauti. "Alisikia," akasema. Baadaye tena, nikiwa nazima taa: "Alisikia kabisa yule mtoto."

Misimu mingine niliimalizia peke yangu usiku, kwa bando la usiku. Wa pili, wa mwisho wa 2019, Joe anahamia Los Angeles kwa jina la kuazima na kumpata mwanamke anayeitwa Love. Nilipomwambia mama mdogo kwamba maana yake ni Upendo alishtuka, maana akina Upendo kwetu wamejaa kila kanisa. Victoria Pedretti ndiye Love, na mgeuko anaoufanya kuelekea mwisho siusemi, ila ndio uandishi bora kuliko wote katika misimu 5. Jenna Ortega naye yumo, bado mdogo, anaigiza binti jirani mwenye akili kuliko watu wazima waliomzunguka. Wa tatu, 2021, ni ndoa na mtoto mchanga kwenye kitongoji cha matajiri, nao unauma vizuri: unaona tabia ileile ikiendelea hata baada ya mtu kupata kila alichosema anakitaka. Wa nne, London, 2023, uligawanywa nusu mbili, na nusu ya kwanza inazubaa kwa kundi la matajiri ambao sikumjali hata mmoja. Wa tano unarudi New York, duka lilelile, na una haraka sana, lakini unafanya jambo nililokuwa nalisubiri tangu 2018: unawapa wanawake nafasi ya kuongea kwa sauti kubwa kuliko ile ya kichwani mwa Joe.

Kama una muda wa misimu miwili tu, chukua wa kwanza na wa pili. Si ya kuangalia na watoto, na ukiwa na mzazi sebuleni ukae karibu na rimoti. Damu ipo, na mambo ya chumbani yapo mengi. Mimi niliruka vipande kadhaa, mama mdogo akauliza mbona wamenyamaza, nikasema wanasafiri.

Tangu niimalize nimefanya vitu vitatu kibandani. Bango halina tena namba yangu ya binafsi, lina ya kazi tu. Daftari nalifunika kwa karatasi ngumu, mteja anaona mstari wake peke yake. Na wasichana wanaokuja kwangu kuuza au kubadilisha simu nawasisitiza watoe akaunti zote kwanza, tena mbele yangu, halafu wapige *106# waone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Mmoja alikuta laini asiyoijua. Alishika kaunta.

Jambo jingine ambalo sikulijua 2021, naliandika kwa ajili ya atakayesoma hapa simu yake ikiwa inalia kwa shilingi 200. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumsumbua au kumtisha, na kila ujumbe wa muamala una jina, tarehe na saa. Usiufute. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda na simu yako. Mimi sikwenda. Yule mteja alihamia mkoa mwingine kikazi, na yakaishia hapo kwa sababu ya uhamisho wake, si kwa sababu ya lolote nililofanya.

Mama mdogo alirudi kliniki baada ya wiki, wakamwambia jicho limekubali. Siku hiyo jioni akavua miwani, akasogeza kiti mbele ya televisheni, akaniambia nimrudishie mwanzo kabisa, pale dukani. Nikaweka. Akamwangalia Joe akipanga vitabu, kwa mara ya kwanza akiwa na sura.

"Ndiyo huyu?" akauliza. "Ningepishana naye Majengo sokoni nisingegeuka."

Akaangalia kidogo tena. Halafu akanigeukia, jicho bado lina wekundu, akaniuliza yule wangu alikuwa na sura gani. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza. Nikazima televisheni nikamweleza.